Treni za Mumbai: Mlango Ukifungwa, Abiria Watakwenda Wapi?

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya Jumatatu, Juni 9, 2025, treni mbili za abiria wa mjini zilipishana kwenye kona iliyo karibu na stesheni ya Mumbra, pembezoni mwa jiji la Mumbai, magharibi mwa India. Moja ilikuwa ikielekea katikati ya jiji, nyingine ikitoka huko kwenda Kasara. Hazikugongana, wala hakuna iliyoacha reli. Lakini milangoni mwa treni zote mbili walikuwa wakining'inia watu waliokosa nafasi ndani, na kwa maelezo ya awali ya mamlaka ya reli, zilipopishana abiria hao waligusana kwa miili na kwa mabegi waliyobeba mgongoni. Zaidi ya watu kumi walianguka. Wasiopungua wanne walipoteza maisha.

Siku hiyo hiyo Wizara ya Reli ya India ilitangaza kuwa treni zote mpya zitakazotengenezwa kwa ajili ya usafiri wa ndani wa Mumbai zitakuwa na milango inayojifunga yenyewe, na kwamba zile zinazotumika sasa zitafanyiwa marekebisho ili nazo ziwekewe milango ya aina hiyo. Waziri wa Reli, Ashwini Vaishnaw, alikutana na wataalamu wa kiwanda cha mabehewa cha Chennai, na mambo matatu yakaafikiwa kwa treni zisizo na viyoyozi: milango iwe na matundu ya kupitisha hewa, mitambo ya kuingiza hewa safi iwekwe juu ya paa, na kila behewa liunganishwe na jirani yake kwa njia ya ndani ili abiria waweze kujigawa wenyewe. Treni ya kwanza ya muundo huo iliahidiwa kukamilika kufikia Novemba 2025 na kuanza huduma Januari 2026 baada ya majaribio.

Kwa mtu aliye mbali, tangazo hilo linaonekana kulimaliza suala lote. Mlango ukiwa wazi mtu huanguka, ukifungwa haanguki. Hata hivyo mlango wa treni ya Mumbai haukuachwa wazi kwa uzembe wa fundi. Umekuwa wazi kwa miongo mingi kwa sababu jiji zima limejifunza kusafiri kupitia mlango huo, na anayetaka kuufunga hana budi kwanza kujua ni mzigo gani ambao mlango huo umekuwa ukiubeba.

Reli ya abiria ya India ilianzia Mumbai. Aprili 16, 1853 treni ya kwanza iliondoka Bori Bunder kwenda Thane, umbali wa kilomita 34, ikiwa na wageni waalikwa wapatao 400. Februari 3, 1925 treni ya kwanza ya umeme nchini humo ilianza kati ya Victoria Terminus na Kurla. Stesheni hiyo kuu, ambayo tangu mwaka 1996 ina jina la Chhatrapati Shivaji na tangu 2004 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, bado ndiyo kituo cha mwisho cha Reli ya Kati. Kituo cha mwisho cha Reli ya Magharibi ni Churchgate, mwendo mfupi kutoka hapo.

Ukiitazama ramani ya jiji utaona chanzo cha tatizo. Mumbai ya kale ni ulimi mwembamba wa nchi kavu ulioingia baharini. Ofisi za Serikali, mabenki, mahakama na soko la hisa vilijengwa kwenye ncha ya kusini ya ulimi huo. Watu walipoongezeka hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kaskazini: Andheri, Borivali, kisha Virar kwa upande wa magharibi, Thane, Dombivli, Kalyan kwa upande wa kati, na baadaye Navi Mumbai, ng'ambo ya hori. Kila nyumba iliyojengwa kaskazini iliongeza abiria mmoja au wawili wanaotaka kufika kusini kabla ya saa nne asubuhi na kurudi kabla ya usiku kuingia. Njia za reli zinazowabeba ni zile zile zilizotandazwa enzi za ukoloni, ingawa zimeongezwa mara kadhaa, na zinapita katikati ya majengo na makazi duni yaliyozisogelea pande zote.

Kabla ya janga la Uviko-19 mtandao huu wa takriban kilomita 390 ulikuwa ukibeba zaidi ya abiria milioni saba kwa siku, yaani karibu theluthi moja ya abiria wote wa reli za India, nchi yenye mojawapo ya mitandao mikubwa zaidi ya reli duniani. Treni zinazotoka na kurudi kwa siku ni zaidi ya 3,000. Treni ya mabehewa tisa iliyosanifiwa kwa abiria wapatao 1,700 imewahi kuhesabiwa ikiwa na zaidi ya 4,500 katika saa za msongamano. Wahandisi wa reli wa India walilazimika kubuni istilahi mahususi kwa hali hiyo, kwa kuwa zile za kawaida za ujazo hazikutosha: wanazungumzia abiria 14 hadi 16 waliosimama katika mita moja ya mraba ya sakafu. Mita moja ya mraba haitoshi kutandika mkeka wa kulala mtu mmoja.

Watanzania wasiopungua wachache wanaijua hali hii kwa macho yao. India ni miongoni mwa nchi ambako wagonjwa wetu hupelekwa kwa matibabu, na Mumbai ni mojawapo ya miji wanayofikia. Aliyepata kumsindikiza ndugu yake katika Hospitali ya Tata Memorial, iliyopo eneo la Parel na inayojulikana kwa matibabu ya saratani, atakuwa ameona kuwa treni za huko zina sehemu ya behewa iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu, na kwamba wagonjwa wa saratani nao wanaruhusiwa kuitumia. Ni utaratibu wa kiutu. Pia unaonyesha kuwa waendeshaji wa reli wanafahamu vyema kwamba katika behewa la kawaida mgonjwa hawezi kusimama.

Behewa hilo la kawaida lina kanuni zake, ambazo hazikuandikwa popote lakini kila abiria anazijua. Treni husimama stesheni kwa sekunde 20 au 30. Katika muda huo wanaoshuka na wanaopanda hupita mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mgeni asiyejipanga karibu na mlango vituo viwili kabla hatashuka anapotaka. Treni ya mwendo wa haraka kwenda Virar ina sifa yake: anayekusudia kushuka Borivali huambiwa waziwazi na wenzake kuwa amekosea treni, kwa maana amechukua nafasi ya mtu anayekwenda mbali zaidi, na si ajabu wakamzuia kufika mlangoni. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne, na huyo wa nne, aliyeegemeza nusu tu ya mwili wake, hushukuru. Jioni wapo wanaopanda treni inayoelekea kinyume na kwao, wakasafiri hadi kituo cha mwanzo, ili tu wawe wamekwishakaa treni hiyo itakapogeuka. Wanalipa dakika ishirini za maisha yao kwa ajili ya kiti.

Lakini haingekuwa haki kuyaeleza mabehewa hayo kana kwamba ni mateso matupu. Watu wanaosafiri pamoja saa ile ile, behewa lile lile, kwa miaka ishirini, hugeuka kuwa jamaa. Yapo makundi yanayoimba nyimbo za ibada kwa matari njia nzima. Zipo sherehe za siku ya kuzaliwa na za kustaafu zinazofanyika kati ya kituo na kituo. Katika mabehewa ya wanawake wafanyakazi huchambua mboga za chakula cha jioni wakiwa safarini, na wachuuzi hupita na vibanio vya nywele, hereni na matunda. Wanawake wametengewa mabehewa yao kwa muda mrefu, na Mei 1992 Reli ya Magharibi ilianzisha treni nzima ya wanawake kati ya Churchgate na Borivali. Wachukuzi wa vyakula, wale maarufu wa kofia nyeupe ambao huduma yao ilianza mwaka 1890, hutumia treni hizi kuwafikishia wafanyakazi chakula kilichopikwa nyumbani kwao. Mumbai isingeweza kula mchana bila reli.

Hayo yote hayapunguzi idadi ya waliokufa. Takwimu ambazo Reli ya Kati na Reli ya Magharibi ziliwasilisha katika Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2024 zilionyesha kuwa kuanzia mwaka 2005 hadi Julai 2024 watu 51,802 walipoteza maisha katika mtandao huo. Kwa hesabu ya haraka, ni watu saba kila siku kwa karibu miaka ishirini. Mwaka 2023 pekee waliofariki walikuwa 2,590. Ajali ya treni kuacha reli na kuua watu saba ingeundiwa tume. Watu saba wanaokufa mmoja mmoja, katika vituo tofauti, saa tofauti, huishia katika daftari la polisi wa reli.

Mahakama hiyo ilikuwa ikisikiliza shauri lililofunguliwa na abiria wa kila siku. Juni 2024 majaji walikemea vikali, wakisema ni aibu kuona binadamu wakisafirishwa kama mifugo, na kwamba mamlaka za reli hazipaswi kujivunia wingi wa abiria zinaowabeba ikiwa zinawabeba kwa namna hiyo. Waliwataka wakuu wa reli kutoa viapo wao wenyewe kuhusu hatua zilizochukuliwa.

Kauli hiyo ina uzito kwa sababu inagusa jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa halina mwenyewe, yaani nani wa kulaumiwa. Sheria ya Reli ya India ya mwaka 1989, kupitia kifungu cha 124A, inamtaka mwendeshaji kulipa fidia abiria anapoanguka kutoka kwenye treni, bila kujali kama kulikuwa na uzembe wa mtumishi wa reli. Kiwango cha fidia kwa kifo kilipandishwa hadi rupia laki nane kuanzia Januari 2017, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kutokutwa na tiketi mwilini hakutoshi kumnyima marehemu hadhi ya abiria. Hata hivyo kifungu hicho kina ubaguzi: fidia hailipwi kwa aliyejiua, aliyejidhuru kwa makusudi au aliyekuwa akitenda kosa. Hapo ndipo mawakili wamekuwa wakishindana. Mtu aliyesimama mlangoni mwa treni iliyojaa pomoni, mkono mmoja ukishika nguzo na mguu mmoja ukiwa hewani, amejidhuru mwenyewe au amedhurika? Mahakama zimezidi kuegemea jibu la pili, zikitambua kwamba mfanyakazi anayewahi kazini hana njia nyingine ya kuingia katika treni hiyo.

Na si wote wanaokufa huangukia mlangoni. Hili halina budi kusemwa wazi, kwani tangazo la milango limelifunika. Sehemu kubwa zaidi ya vifo katika mtandao wa Mumbai hutokea kwa watu wanaovuka reli kwa miguu; wanaoanguka kutoka kwenye treni wanafuata nyuma yao, nao huhesabiwa kwa mamia kila mwaka. Anayevuka reli kwa mujibu wa sheria ni mvamizi, na familia yake kwa kawaida hailipwi chochote. Lakini mara nyingi mvamizi huyo ni mkazi wa makazi yaliyo hatua chache kutoka relini, ambaye soko, shule au choo kipo upande wa pili, au ni abiria aliyetazama daraja la waenda kwa miguu lililofurika, akatazama saa, akaamua kukatiza.

Madaraja hayo nayo yana historia. Septemba 29, 2017 watu 23 walikufa kwa kukanyagana katika daraja la stesheni ya Elphinstone Road, ambayo sasa inaitwa Prabhadevi. Mvua kubwa ilinyesha asubuhi hiyo, waliokuwa wakitoka wakasita kwenye ngazi ili wasilowe, huku treni zikiendelea kushusha wengine nyuma yao. Daraja lilikuwa jembamba, lililojengwa wakati eneo hilo lilipokuwa la viwanda vya nguo. Viwanda hivyo vilianza kufa baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1982, ambao ulihusisha wafanyakazi wapatao 250,000, na katika viwanja vyake yakaota majengo marefu ya ofisi na maduka makubwa. Wafanyakazi wa viwandani waliishi karibu na wengi walikwenda kazini kwa miguu. Wafanyakazi wa ofisini waliowafuata walikuja kwa treni, kutoka mbali, karibu wote kwa saa zile zile. Vibali vya ujenzi vilitolewa, ngazi za stesheni zikabaki vile vile. Baada ya maafa hayo jeshi la India liliitwa kujenga daraja jipya, na lilifunguliwa Februari 2018, miezi mitano tu baadaye. Kasi hiyo ni ya kusifiwa, nayo inaacha swali lisilopendeza kuhusu miaka iliyotangulia.

Turudi kwenye mlango. India tayari ina uzoefu wa treni za mjini zenye milango ya kujifunga. Treni ya kwanza ya aina hiyo, yenye viyoyozi, ilianza Mumbai siku ya Krismasi mwaka 2017. Mwanzoni ilikimbia ikiwa na nafasi nyingi, kwa kuwa nauli yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya daraja la pili. Mei 2022 nauli ya safari moja ilipunguzwa kwa nusu, abiria wakaongezeka. Kisha kukatokea jambo ambalo wapangaji hawakulitarajia. Agosti 2022, abiria wa Kalwa na Badlapur waliandamana na kuzuia treni, wakilalamika kwamba treni zenye viyoyozi zimechukua nafasi ya treni zao za kawaida katika ratiba. Reli ya Kati ililazimika kusitisha safari kumi za viyoyozi ilizokuwa imeziongeza.

Maandamano hayo yalitafsiriwa na baadhi ya watu kuwa ni upinzani dhidi ya maendeleo. Tafsiri hiyo haikuwatendea haki abiria. Ratiba ya Mumbai katika saa za msongamano imejaa. Treni hupishana kwa dakika tatu au nne tu. Kila treni mpya inayoingizwa katika nafasi iliyokuwa na treni nyingine ni treni iliyoondolewa. Abiria wa Badlapur mwenye tiketi ya mwezi ya daraja la pili, ambayo ni nafuu mno, aliona treni yake ya saa fulani imekuwa ya watu wenye kipato kingine, naye akatakiwa kusubiri inayofuata, ambayo sasa ilipaswa kubeba watu wake na watu wa ile iliyoondolewa. Alibaki jukwaani, au akapanda na kuning'inia. Treni salama zaidi ilikuwa imezidisha hatari katika treni iliyo nyuma yake.

Hapo ndipo uamuzi wa Juni 2025 unapopaswa kupimwa. Mlango ulio wazi una kazi mbili. Huruhusu hewa kuingia katika behewa lisilo na viyoyozi, na suala hilo mafundi wa Chennai wamelitafutia jibu kwa matundu na mitambo ya juu ya paa. Kazi ya pili haizungumzwi sana: mlango ulio wazi huruhusu treni kuondoka na watu ambao kwa hakika hawakuenea. Anayekanyaga ncha ya sakafu na kushika nguzo amehesabiwa kuwa amesafiri. Mlango unaojifunga hautamkubali. Ama utagoma kufungwa na treni isiondoke, ama atabaki jukwaani. Iwapo treni itakawia kwa sekunde 30 zaidi katika kila kituo ikisubiri milango ifungwe, ile iliyo nyuma yake dakika tatu itasimama njiani, na iliyo nyuma ya hiyo vilevile. Iwapo abiria atabaki jukwaani, atakutana hapo na wengine wanaokuja kupitia madaraja na ngazi ambazo tumekwisha kuona upana wake.

Ya Novemba 2025 yalionyesha jinsi kamba hiyo ilivyokazwa. Polisi wa reli walikuwa wamefungua jalada dhidi ya wahandisi kuhusiana na ajali ya Mumbra, wakidai kuwapo kwa kasoro katika matunzo ya njia, madai ambayo upande wa reli uliyapinga. Jioni ya Novemba 6 wafanyakazi waliandamana katika stesheni kuu kupinga hatua hiyo na treni zikasimama kwa muda katika saa ya watu kurudi nyumbani. Baadhi ya abiria waliochoka kusubiri walishuka na kutembea juu ya reli. Karibu na Sandhurst Road treni iliyokuwa imeanza tena safari iliwagonga, na wasiopungua wawili walifariki. Mtandao usio na nafasi ya ziada hauvumilii hata saa moja ya kusimama.

Nafasi ya ziada, basi, ndiyo kiini cha suala. India haijakaa bure. Mwaka 1999 Wizara ya Reli na Serikali ya Jimbo la Maharashtra ziliunda shirika la pamoja la kuendeleza reli za Mumbai, kwa hisa za asilimia 51 na 49. Treni za mabehewa tisa zimebadilishwa kuwa za mabehewa 12, na nyingine 15. Mwaka 2022 zilifunguliwa njia ya tano na ya sita kati ya Thane na Diva, ili treni za masafa marefu zisigombee njia na treni za mjini. Zabuni ya treni 238 zenye milango ya kujifunga na viyoyozi, sawa na mabehewa 2,856, imekuwa katika mipango ya shirika hilo. Pamoja na hayo, metro ya chini ya ardhi kutoka Aarey hadi Cuffe Parade ilikamilika Oktoba 2025, ikiwa njia ya kwanza ya reli ya aina hiyo kupita chini ya jiji hilo kutoka kaskazini hadi kusini.

Yapo pia mambo yasiyohitaji saruji. Reli ya Kati imewaandikia mamia ya waajiri ikiwaomba wasogeze saa za kuanza kazi, ili wote wasiingie treni moja. Ni ombi jepesi kuandikwa, na wakati wa Uviko-19, pale treni zilipofungwa kwa umma na kisha kufunguliwa hatua kwa hatua hadi Agosti 2021, jiji lilijifunza kwamba kazi nyingi za ofisini huweza kupangwa upya. Lakini barua si amri, na mwajiri ambaye benki yake inafungua saa nne hana sababu ya kuwa wa kwanza kubadilika. Wakati mwingine Serikali yenyewe ndiyo mwajiri mkubwa zaidi wa kuanza naye, na nadhani hapo ndipo Maharashtra ingeweza kupata matokeo ya haraka kuliko mahali pengine popote.

Linabaki suala la nauli, ambalo ndilo litakaloamua nani atakuwa ndani ya mlango siku utakapofungwa. Treni za mjini za Mumbai hujiendesha kwa hasara, na hasara hiyo imevumiliwa kwa makusudi. Nauli ya chini ya daraja la pili ni rupia tano. India ilipopandisha nauli za treni Julai 2025, treni za mijini na tiketi za msimu hazikuguswa. Waziri Kiongozi wa Maharashtra, Devendra Fadnavis, ameahidi kuwa treni mpya zenye viyoyozi zitakuja bila kupandisha nauli ya daraja la pili. Ahadi hiyo ikitimizwa, malalamiko ya Badlapur yatakosa msingi, kwa kuwa abiria wa tiketi ya mwezi atapanda treni ile ile itakayompita. Isipotimizwa, jiji litakuwa na aina mbili za treni katika njia moja, iliyofungwa kwa wanaoweza kulipa na iliyo wazi kwa wengine, na takwimu za polisi wa reli zitaendelea kukusanywa kutoka katika hiyo ya pili.

Kuhusu gharama za kuzibeba treni 238 kwa nauli ya rupia tano, Wizara ya Reli na Serikali ya Jimbo zitalazimika kugawana, kama zilivyogawana hisa. Hadi mabehewa hayo yatakapofika, treni za sasa zitaendelea kuondoka Kalyan na Virar kila baada ya dakika chache kuanzia alfajiri, zikiwa na milango iliyo wazi, na watangazaji wa stesheni wataendelea kuwaomba abiria wasisimame mlangoni.